Msimu wa Kwanza wa Cignetti

Msikilizaji, mwaka 1976 timu ya Chuo Kikuu cha Indiana, kule Marekani, ilikuwa ikicheza na Ohio State, mara ikajikuta mbele kwa pointi 7 kwa 6. Kocha wa Indiana wa wakati huo, Lee Corso, akaomba mchezo usimame. Akawaita vijana wake pembeni, akawapanga, wakapigwa picha huku ubao wa matokeo ukionekana nyuma yao. Alijua hali ile haitadumu, akataka ibaki kumbukumbu. Na kweli haikudumu. Mchezo uliisha 47 kwa 7, na Indiana ndio waliobaki na ile 7 yao.

Corso alikuwa mtu mcheshi na watu walimpenda. Lakini picha ile inaeleza jambo zito: timu inaweza kuzoea kufungwa mpaka kuongoza kwa dakika chache kukawa sherehe. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo Indiana iliyojulikana.

Leo jina hilo linatajwa kwa namna nyingine kabisa. Januari 2026 Indiana waliifunga Miami 27 kwa 21 wakawa mabingwa wa taifa wa vyuo, wakiwa wamecheza mechi 16 bila kupoteza hata moja. Ubingwa huo umesemwa sana, na unastahili kusemwa. Mimi leo naomba tuzungumzie msimu uliotangulia, wa 2024, msimu wa kwanza wa kocha mkuu Curt Cignetti. Haukuisha kwa kombe la taifa. Uliisha kwa kufungwa, tena usiku wa baridi, ugenini. Hata hivyo ninaamini kuwa kazi kubwa ilifanyika mwaka ule, na ubingwa uliofuata ulikuwa mavuno yake.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu mahali penyewe. Chuo kiko Bloomington, mji wa wastani ulio kusini mwa Indianapolis, kwenye eneo la machimbo ya mawe ya chokaa. Mawe ya eneo hilo ndiyo yaliyofunika kuta za nje za jengo la Empire State kule New York. Wengi wenu mnakifahamu chuo hiki kwa sababu iliyo karibu nasi zaidi: ni miongoni mwa vyuo vya Marekani vinavyofundisha Kiswahili, na kimefanya hivyo kwa miaka mingi. Katika michezo, jina lake lilijengwa na mpira wa kikapu. Mara 5 wametwaa ubingwa wa taifa wa kikapu, wa mwisho ukiwa ule wa 1987 chini ya Bob Knight. Siku za futiboli, yaani ule mchezo wa Kimarekani wa mpira wenye ncha mbili, vijana wengi wa chuo walikuwa wanakwenda kwenye viwanja vya nje kuchoma nyama na kunywa, na mechi ikianza wanabaki hukohuko nje. Unaingiaje uwanjani kutazama kipigo unachokijua mapema?

Kabla ya msimu wa 2024 Indiana ilikuwa imepoteza zaidi ya mechi 700 katika historia yake, nyingi kuliko chuo kingine chochote cha daraja la juu. Ligi yao, Big Ten, walikuwa wameitwaa mara 2 tu, 1945 na 1967.

Huo wa 1945 tusiuruke. Katika timu ile alikuwamo kijana mweusi kutoka mji wa Gary, George Taliaferro, aliyekuwa bado mwaka wa kwanza chuoni, na ndiye aliyeubeba mpira kuliko wenzake. Hawakupoteza mechi hata moja mwaka ule, walitoka sare moja tu. Mgahawa mmoja wa pale mjini ukatundika ukutani picha ya mabingwa, sura yake ikiwamo, ilhali yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuketi humo akala. Rais wa chuo, Herman Wells, ndiye aliyeingilia kati mpaka mlango ule ukafunguliwa. Mwaka 1949 Taliaferro akawa Mwafrika-Mmarekani wa kwanza kuchaguliwa na timu ya ligi kuu ya kulipwa ya nchi ile katika ugawaji wa wachezaji wapya. Nikisikia mtu anasema Indiana haikuwa na historia ya futiboli kabla ya Cignetti, namkumbuka Taliaferro na nasikitika.

Turudi kwenye miaka ya karibuni. Kocha aliyetangulia, Tom Allen, aliwahi kuwapa watu furaha mwaka 2020, mwaka wa korona, aliposhinda mechi 6 na kupoteza 2. Kisha mambo yakaporomoka. Mwaka 2021 walishinda 2 na kupoteza 10. Mwaka 2022, 4 na 8. Mwaka 2023, 3 na 9. Jumlisha, msikilizaji: ushindi 9 katika mechi 36. Chuo kikaamua kuachana naye, na kumvunjia mkataba tu kuligharimu dola milioni 15.5. Wapo waliouliza fedha zote hizo zinatumikaje kumwondoa mtu kazini. Nami naona waliuliza swali la haki.

Mwishoni mwa Novemba 2023 akatangazwa Curt Cignetti, mzee wa miaka 62, akitokea chuo cha James Madison kule Virginia. Watu wengi hawakumjua. Baba yake, Frank, alikuwa kocha mwenye heshima kubwa, kwa hiyo mtoto alikulia kwenye kazi hii. Kuanzia 2007 mpaka 2010 alikuwa msaidizi wa Nick Saban pale Alabama, akifundisha wapokeaji na kusimamia usajili. Wengine wakifika pale hukaa wakisubiri kuitwa na chuo kikubwa. Yeye aliondoka, akakubali mshahara mdogo, akashika timu ya daraja la pili katika chuo cha Pennsylvania ambako baba yake aliwahi kufundisha. Alitaka kuwa kocha mkuu, hata kama ni wa timu ndogo. Kutoka hapo akaenda Elon, kisha James Madison, ambako alishinda mechi 52 na kupoteza 9. Hajawahi kumaliza msimu hata mmoja wa ukocha mkuu akiwa amepoteza mechi nyingi kuliko alizoshinda.

Alipoulizwa na waandishi anawashawishije vijana wajiunge na timu inayofungwa kila mwaka, alijibu kwa ufupi kwamba yeye hushinda, na asiyejua akamtafute Google. Kauli hiyo ilizunguka nchi nzima. Wengine waliiona majivuno. Mimi naiona tofauti. Mahali palipozoea kuomba radhi miaka hamsini, alihitajika mtu wa kuja na kusema hadharani kwamba hapa tunashinda, tena aseme kabla hajashinda, ili akishindwa aibu iwe yake peke yake. Aliutwika mzigo ule mabega yake mwenyewe, wachezaji wakabaki na kazi ya kucheza.

Sasa, maneno hayachezi mpira. Alichofanya hasa ni kuja na watu wake. Sheria za mchezo wa vyuo zimebadilika sana tangu 2021: mchezaji anaweza kuhama chuo na kucheza mwaka huohuo, na anaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura yake. Cignetti alihama na wasaidizi wake wakuu, Bryant Haines wa ulinzi na Mike Shanahan wa ushambuliaji, pamoja na wachezaji 13 waliomfuata kutoka James Madison. Humo walikuwamo Aiden Fisher, kiungo wa ulinzi. Mikail Kamara, anayewinda warushaji wa upinzani. Elijah Sarratt, mpokeaji mwenye mikono inayonasa kila kitu. Na D'Angelo Ponds, beki wa pembeni mwenye umbo dogo ambaye vyuo vikubwa vilimwona mfupi mno.

Kanuni yake ya usajili ni rahisi kuieleza na ngumu kuifuata: tazama mchezaji amefanya nini, usitazame watu wanasema atakuja kufanya nini. Vyuo vikubwa hugombea vijana wa miaka 17 wenye urefu, kifua na sifa za magazeti. Yeye alitafuta zaidi watu ambao wameshacheza mechi nyingi, hata kama ni katika chuo kidogo, na kila mechi wameacha alama. Mrushaji wake mkuu, Kurtis Rourke, raia wa Kanada, alimtoa Chuo Kikuu cha Ohio. Si Ohio State ile kubwa, ni chuo kingine kabisa chenye jina dogo.

Lakini nisikudanganye kwamba wote walikuwa wageni. Mike Katic, mmoja wa wale wanaume wa mstari wa mbele ambao kazi yao ni kumkinga mrushaji na ambao hakuna anayewataja mpaka wakosee, alikuwapo Bloomington tangu 2019. Alipitia ile miaka mitatu ya ushindi 9. Angeweza kuondoka, maana mlango ulikuwa wazi na wengi waliupita. Alibaki, akacheza mwaka wake wa 6 chini ya kocha mpya. Katika hadithi zote za msimu ule, hii ya Katic ndiyo inayonigusa zaidi, kwa sababu waliokuja walikuja na ushindi wao mfukoni, yeye alikuwa na vipigo vya miaka mitatu.

Kabla ya msimu, waandishi wa habari waliitabiria Indiana nafasi ya 17 katika ligi ya timu 18. Ndiyo, Big Ten ina vyuo 18 siku hizi, jina limebaki tu.

Msikilizaji usiyeufahamu mchezo huu, nitakupa mambo mawili yakutoshe. Timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi 10, ikishindwa inampa mwenzake. Na kuufikisha mpira mstari wa mwisho kunaleta pointi 6, na moja ya nyongeza hupatikana kwa teke. Kwa hiyo ukisikia 42 kwa 13, ujue timu moja imefika mwisho mara sita na kufunga mateke yote sita.

Hayo ndiyo matokeo ya mechi ya tatu, huko California dhidi ya UCLA. Kabla yake waliifunga Florida International 31 kwa 7 na Western Illinois 77 kwa 3. Wakafuata Charlotte, Maryland, Northwestern. Watu wakasema hao ni wanyonge, tusubiri. Tarehe 19 Oktoba wakaja Nebraska, jina kubwa katika mchezo huu, wakiwa wamepoteza mechi moja tu. Indiana wakawapiga 56 kwa 7. Siku hiyo Rourke aliumia kidole gumba cha mkono anaorushia.

Wiki iliyofuata ndiyo niliyoitazamia kwa hofu. Kipindi kikubwa cha televisheni kinachozunguka nchi kila Jumamosi kilikuja Bloomington, na mezani aliketi Lee Corso, wakati huo mzee wa miaka 89, akiwa amerudi kwenye chuo alichokifundisha miaka 10. Waliokuja kucheza walikuwa Washington, waliofika fainali ya taifa msimu uliopita. Mrushaji mkuu hayupo, kamera zote zipo, na uwanja umefurika. Hali ya namna hiyo ndiyo iliyokuwa ikiivunja Indiana ya zamani. Aliyewatuliza wenzake ni Ponds, yule mfupi. Alinasa pasi ya Washington, akakimbia nayo mpaka mwisho. Baadaye akanasa nyingine. Mrushaji wa akiba, Tayven Jackson, hakulazimika kufanya miujiza, na mechi ikaisha 31 kwa 17.

Mpaka hapo, katika mechi 8, Indiana haikuwa imekaa nyuma ya mpinzani hata dakika moja. Ilitokea mara ya kwanza wiki iliyofuata kwa Michigan State, ugenini, wenyeji walipoongoza 10 kwa bila. Nilitaka kuona watafanya nini. Walifunga pointi 47 mfululizo, na wenyeji hawakuongeza hata moja.

Halafu tarehe 9 Novemba wakaja Michigan, mabingwa wa taifa waliokuwa wanatetea taji. Kipindi cha kwanza kiliisha Indiana wakiwa mbele 17 kwa 3. Kipindi cha pili mashambulizi yao yakakauka kabisa. Kila walipopata mpira hawakufika popote, wakaurudisha. Michigan wakapata 3 kwa teke, wakapata 3 nyingine, kisha wakafika mwisho, ikawa 17 kwa 15. Wakaacha lile teke la nyongeza wakajaribu kufika mwisho tena kwa pointi 2 za kusawazisha, wakazuiwa. Uwanja mzima ulikuwa umeshika pumzi, na wazee waliokuwapo tangu enzi za Corso bila shaka walijua kinachofuata, maana walishakiona mara nyingi. Kilichofuata hakikuwa hicho. Indiana wakasogea kidogo, mpigaji wao Nico Radicic akafunga teke la pointi 3, safu ya ulinzi ikasimama, na mechi ikaisha 20 kwa 15. Ulikuwa ushindi wa 10. Katika historia yote ya chuo hicho hakuna timu iliyokuwa imewahi kufikisha ushindi 10 ndani ya msimu mmoja.

Siku chache baadaye chuo kikampa Cignetti mkataba mpya wa miaka 8, kwa wastani wa dola milioni 8 kwa mwaka. Ni fedha nyingi mno kwa mfanyakazi wa chuo cha umma, na sitajifanya sizioni. Ninachoweza kusema ni kwamba kabla ya 2021 makocha walilipwa mamilioni huku wanafunzi wanaovunjika mifupa hawaruhusiwi kuuza hata jina lao. Afadhali sasa wote wanapata.

Wapo wanaosema vilevile kwamba Cignetti aliiba timu ya James Madison. Siafikiani nao. Vijana wale walikuwa watu wazima wenye haki ya kumfuata mwalimu waliyemwamini, kama anavyomfuata yeyote anayehama ofisi na bosi wake. Na chuo walichokiacha hakikufa: Septemba hiyohiyo, chini ya kocha mpya Bob Chesney, James Madison iliifunga North Carolina pointi 70 kwa 50, tena ugenini.

Tarehe 23 Novemba Indiana wakaenda Ohio State, wakiwa nafasi ya 5 nchini dhidi ya timu ya nafasi ya 2. Walitangulia 7 kwa bila, na safari hii hakuna aliyepiga picha. Kisha wakapotea njia. Karibu na mapumziko mpira ulimponyoka mpigaji teke wao, Ohio State wakaupata mlangoni kabisa na kufunga. Kipindi cha pili kilipoanza, Caleb Downs wa Ohio State akaupokea mpira wa teke akakimbia nao yadi 79 mpaka mwisho. Rourke aliangushwa mara 5 akiwa na mpira mkononi. Mwisho 38 kwa 15. Walizidiwa, na walizidiwa hasa kwenye mstari wa mbele, pale ambapo ukubwa wa mwili hauna mbadala.

Wiki moja baadaye walikutana na majirani na mahasimu wao, Purdue. Hawa hushindania ndoo ya kale ya mbao, nayo inashindaniwa tangu 1925. Purdue walikuwa wameibeba miaka mitatu mfululizo. Indiana wakashinda 66 kwa bila. Timu iliyovunjika moyo Ohio State isingecheza hivyo.

Ushindi 11 ukawapeleka kwenye mtoano wa ubingwa, ambao mwaka ule kwa mara ya kwanza ulikuwa na timu 12. Tarehe 20 Desemba wakaenda South Bend kuikabili Notre Dame. Mapema kabisa Jeremiyah Love wa Notre Dame aliuchukua mpira karibu na mstari wake mwenyewe akakimbia yadi 98 mpaka mwisho. Mpaka dakika mbili za mwisho ilikuwa 27 kwa 3. Indiana wakapata pointi 14 za haraka, ikaisha 27 kwa 17, lakini matokeo hayo yanawapendelea. Hawakuwa na jibu usiku ule.

Hapo wachambuzi wakaingia kazini. Wakasema Indiana haikustahili kuwapo, kwamba ratiba ilikuwa laini, kwamba nafasi ile ingepewa chuo cha kusini chenye jina. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 20 Januari 2025, fainali ilichezwa Atlanta. Waliofika ni Ohio State na Notre Dame, na Ohio State wakashinda 34 kwa 23. Mechi mbili ambazo Indiana ilipoteza mwaka mzima, ilipoteza kwa timu hizo mbili. Sijasikia mchambuzi yeyote aliyeeleza vizuri kwa nini hilo ni kosa.

Na baada ya msimu ikajulikana kwamba Rourke, aliyerusha pasi 29 zilizozaa pointi za mstari wa mwisho, alicheza mechi zake zote akiwa na kano ya goti iliyochanika.

Ndiyo maana nasema msimu wa 2024 ndio mkubwa. Wa 2025 ulichezwa na watu waliokwisha kujua kwamba inawezekana. Wachezaji walikuja wakikimbilia ushindi, na fedha zilikuwapo. Wa 2024 ulichezwa na vijana ambao vyuo vikubwa havikuwataka, pamoja na wachache waliobaki walipoweza kuondoka, mahali ambapo mashabiki wenyewe walikuwa wameacha kuingia uwanjani.

Msikilizaji wangu, kama una nafasi ya kutazama mechi moja tu ya msimu ule, ziache zile za pointi 66 na 77. Tafuta ile ya Michigan, na ukipenda ruka kipindi cha kwanza. Anzia pale mashambulizi yanapokauka, na uwatazame mabeki wa Indiana wanavyorudi uwanjani tena na tena kuilinda ile 17.